Siku mbili tupu kwenye njia ya Biano

Wengi wenu mlituona mwezi wa saba tukitoka Kolwezi, wanawake watano juu ya kinga, na mliuliza tunaenda kutafuta nini. Wengine walisema tuna biashara ya siri, wengine kwamba tumegombana na mabwana zetu. Hapana. Tulikuwa walimu wawili, mshonaji mmoja na wauzaji wawili wa sokoni, na tulitaka kufika Likasi kwa miguu yetu wenyewe.

Kutoka Kolwezi hadi Likasi ni kilomita kama 180. Tulipanga siku tatu za njia, na juu yake siku mbili ambazo hatukuziandikia kitu. Mmoja wetu aliuliza siku hizo ni za nini. Tulimjibu kwamba hatujui, na ndiyo sababu tunazitaka. Mama wa nyumba anajua saa ya maji, saa ya makala, saa ya shule na saa ya dawa ya mtoto. Mwalimu anaongeza kengele juu ya hayo. Siku ambayo hakuna aliyeidai, wengi wetu tulikuwa hatujaiona tangu tuolewe.

Siku ya kwanza tulifuata gudroni, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja amefunga kikwembe cha rangi kali mgongoni ili madereva wa malori waliobeba shaba watuone. Tuliondoka kabla jua halijachomoza, maana asubuhi malori ni machache na vumbi limelala. Kwenye daraja la Lualaba tulishuka na kutazama maji. Mto huu ulimsumbua Livingstone. Alifika Nyangwe mwaka wa 1871 akidhani ni Nile, na alikufa mwaka wa 1873 bila kujua. Stanley ndiye aliyeufuata, mwaka wa 1876 na 1877, akaona kwamba ndio mto Kongo wenyewe, unaoteremka hadi Atlantiki. Darasani tunayafundisha haya ubaoni. Pale darajani tulikaa saa nzima, na hakuna aliyetuambia kwamba muda umekwisha.

Jioni ya siku ya pili tuliona vilima vya Fungurume. Mtu asiyevijua atasema moto umevichoma, kwa sababu juu yake miti ni michache sana. Siyo moto. Udongo una shaba nyingi, na miti mingi haiwezi kuivumilia. Panapoota majani madogo na maua yaliyozoea shaba, wazee walijua pa kuchimba, na wataalamu wa madini walikuja kujifunza alama hiyohiyo baadaye. Shaba ya nchi yetu iliyeyushwa na mababu karne nyingi kabla ya Wazungu, ikamwagwa katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama pesa.

Sokoni Fungurume tulikutana na wamama waliokuwa wakifunga mizigo yao. Mmoja alizitazama kinga zetu akauliza: “Bamama, munaenda wapi na makinga?” Tukasema Likasi. Akacheka: “Likasi iko na gudroni. Sisi tunapanda Biano. Kule ni baridi na nyasi tu. Mukuje muone.”

Tulijitenga pembeni kushauriana. Wawili walitaka kuendelea na njia ya Likasi. Dada zetu wa huko walikuwa wanatungoja. Watatu walitaka kupanda. Tulipiga simu Likasi, wakatuambia chakula hakijapikwa bado, twende. Tulipiga simu Kolwezi kuuliza watoto, na watoto walikuwa wanacheza. Basi hapakuwa tena na sababu ya kukataa isipokuwa mazoea ya kukataa.

Asubuhi tulipita Tenke, pale reli inapogawanyika, tawi moja likienda Kolwezi hadi Dilolo na lingine likipanda kaskazini. Baada ya Tenke gudroni ilisahaulika. Njia ilipanda katikati ya miombo, kisha mchanga ukawa mzito, tukashuka na kusukuma. Mchana msitu ulikatika ghafla. Mbele yetu palikuwa na nyasi za manjano hadi mwisho wa macho, upepo wa zaidi ya mita 1,500, na hakuna nyumba. Mshonaji wetu alianza kuimba peke yake, na mama huyu ni mtu ambaye kikundini huwa anasema tu akiulizwa.

Usiku tulilala kwa wenyeji wa wale wamama, tukala bukari na maharagi kando ya moto, baridi ikituuma mgongoni. Kamba iliyoshika mzigo wetu mmoja ilikuwa imekatika mchangani. Bibi wa nyumba alileta ganda la mti wa muombo, akalichana vipande virefu, akasokota kamba mpya huku akituonyesha vidole vyake ili nasi tujaribu. Kamba hiyo ilifika Likasi, ikarudi nasi Kolwezi juu ya basi.

Msidhani tulikwenda hivihivi. Tulikuwa na pampu mbili, viraka, mpira wa ndani wa akiba, cheni moja, maji ya kila mmoja, dawa, na simu mbili zilizojaa moto. Hatukupanda kinga usiku hata mara moja. Kwa sababu hayo yalikuwa tayari, tuliweza kugeuza njia dakika tano baada ya kuitwa. Mtu ambaye hana kiraka lazima abaki pale penye fundi.

Kuna jambo lingine la kuwaambia. Njia za miguu katika vilima vyetu zinazidi kukatwa na mashimo na senyenge, na miombo inageuka makala. Watoto wetu wanajua jina la kobalti kuliko jina la mti uliotufungia mzigo. Tukingoja siku ya nafasi ili kuwaonyesha nchi yao, huenda njia yenyewe itakuwa imefungwa.

Siku ya tano tulifika Likasi, tukakuta chakula kimepikwa. Hatukuwa tumekosa kitu. Na Kolwezi, watoto kumi na wanne walikuwa wamelala, wamekula na kuoga kwa siku zote hizo mikononi mwa wamama wanne wa kikundi chetu, ambao hawakuona mto wala nyasi. Likizo ijayo kinga ni za wale wanne. Sisi tutabaki na watoto, na tumewaomba kitu kimoja tu: waache siku mbili bila kuandika kitu.