Oili, maji na breki kabla ya taa za dashibodi

Kukagua oili na maji ya gari kulikuwa kazi ya alfajiri, injini ikiwa bado ya baridi. Enzi za Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishindia Safari Rally mwaka 1966 na 1967, dereva makini hakutoka bila kufunua boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha hadi mwisho, kisha akakichomoa tena na kusoma kati ya alama mbili. Tone moja lilisuguliwa kwa vidole: likikwaruza, lina chembe za chuma au mchanga.

Oili yenyewe iliuzwa kwa kipimo. Muuza oili wa Gerezani, Dar es Salaam, alikuwa na pipa la lita 200, pampu ya mkono juu yake, kopo la lita moja na faneli ya bati. Kabla ya kupampu aliuliza: gari gani, linakwenda wapi, linatoa moshi wa bluu? Injini iliyochoka alipenda kuipa oili nzito, SAE 40 au 50. Duka lilinuka oili mpya, mpira wa feni belti na gundi ya gasketi, na chini ya yote harufu ya oili chafu iliyolowa sakafuni miaka na miaka. Oili chafu nayo ilikuwa na wenyewe: watu walikuja na madumu kuichukua, wakapake nguzo zisiliwe na mchwa.

Katika barabara ya Tanzam, iendayo Zambia, utingo hakusafiri bila dumu la maji, na malori yalipumzishwa kabla ya kupanda mlima wa Kitonga. Kifuniko cha rejeta hakikuguswa gari likichemsha, kwa kuwa maji yaliyobanwa kwa presha hufoka mara kinapolegea.

Kisha yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, na baadaye oili nyepesi za 0W-20 na giaboksi za CVT, nyingi zisizo na kijiti cha kupimia. Boneti zikaacha kufunuliwa. Inasikitisha kumwona kijana mwenye gari zuri asiyejua kijiti kilipo, na inaudhi zaidi kuona rejeta iliyotengenezewa kulanti ikijazwa maji ya kisima yenye chumvi. Wengi sasa husubiri taa. Lakini taa ya presha ya oili ikiwaka, huenda vyuma tayari vinasagana vikavu. Injini huzimwa papo hapo, hata kama nyumbani ni mtaa wa pili.

Kuongeza oili au kulanti iliyopungua kidogo bado ni kazi ya mwenye gari. Ikipungua tena baada ya siku chache, kuna mahali inapopotelea, na hapo huitwa fundi. Oili ikigeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani, mara nyingi kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua; gari hilo haliwashwi, huvutwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi karibu 140, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Pedeli ikizama taratibu chini ya mguu, gari hubaki lilipo mpaka fundi afike.