Kabla Mvuke Haujatoka

Nilipoanza kujifunza ufundi Butembo, miaka ya 1980, kamio zilizotoka Goma zilituletea ugonjwa uleule: injini kuchemka. Barabara ya Taifa namba 2 hukatiza tambarare ya Rwindi yenye joto, kisha hupanda mlima wa Kabasha kuelekea Kanyabayonga. Hapo kamio yenye shehena ilipanda kwa gia nzito, injini ikifanya kazi yake kubwa kuliko zote huku upepo wa kuipoza ukiwa haba. Shofere alikuja kujua hali ilivyo mvuke ulipofunika kioo cha mbele. Taniboi aliruka na kigingi cha kuzuia gurudumu, kisha akateremka na dumu kutafuta maji.

Gareji nyingi zilikuwa na dawa moja: kung'oa themostati. Hoja ilikuwa nyepesi, kwamba ukitoa kizuizi maji yatapita vizuri. Lakini katika injini nyingi za dizeli, themostati inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta huziba pia njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa. Asubuhi zetu za baridi injini ilichelewa kupata joto lake, ikala mafuta mengi na silinda zikalika upesi. Ikifika Kabasha ikachemka vilevile.

Mzee aliyenifundisha kazi alikataa dawa hiyo. Alishika mpira wa juu wa rejeta, akahamisha kiganja hadi mpira wa chini, akaniita nishike na mimi. “Unasikia, mwanangu? Juu unaunguza, chini ni baridi. Maji hayapiti.” Tulipoifungua rejeta, vijia vyake vilikuwa vimezibwa na kutu na tope la maji ya mito.

Somo lililonigusa zaidi nililipata ziwani. Nilishuka Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, kutengeneza mashine ya mtumbwi wa wavuvi. Mashine zile hupozwa kwa maji ya ziwa lenyewe, na kijitundu cha ubavuni hurusha mchirizi mwembamba kuonyesha kwamba pampu inavuta. Mwendeshaji hakuacha kuutazama. Mchirizi ulipodhoofika alizima mara moja, akaondoa majani yaliyoziba mdomo wa maji, akawasha tena. Asipopata nafuu, alijua kipangaboi cha mpira ndani ya pampu kimekwisha. Nikaona tofauti yetu: mvuvi aliyatazama maji yakiwa bado yanatembea, shofere aliyatafuta yakiwa yamekwisha kumwagika.

Tangu hapo nilianza kuheshimu hata vitu vidogo. Butembo iko juu ya mita 1,700, na kwa urefu huo maji ya wazi huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Kifuniko kizima cha rejeta hubana shinikizo na kukisogeza kiwango hicho juu kwa digrii 20 au zaidi. Nimeona pampu mpya zikinunuliwa kwa pesa nyingi, kumbe mpira wa kifuniko ndio uliopasuka.

Halafu ikaja Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 na kudumu hadi Juni 2020. Katika vizuizi vya barabara ya Butembo–Beni tulinawa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso bila kuguswa. Wengi wetu ndipo tulipokizoea kipimo cha aina hiyo. Kile cha hospitali ni cha joto la mwili tu, lakini kipo cha mafundi kinachofika mamia ya digrii. Nilipokipata, jambo alilolitambua mzee kwa kiganja likawa tarakimu: naelekeza mahali pa kuingilia maji, mahali pa kutokea, kisha sehemu moja moja ya rejeta, na palipoziba panajitaja.

Hata hivyo, kipimo hakichukui nafasi ya kuuliza. Wanafunzi wangu hawashiki spana kabla ya kumhoji shofere joto lilianza lini. Likipanda gari limesimama na kushuka likitembea, wanaanza na feni na mkanda wake. Likija mlimani tu, wanaichunguza rejeta. Mapovu yakitoka kwenye rejeta mara tu injini inapowashwa, ikiwa bado baridi, au oili ikigeuka rangi ya maziwa, wanashuku gasketi ya silinda hedi. Kamio moja hubeba maharagwe, viazi na akiba ya familia nyingi, mara nyingi na abiria juu yake, katika barabara ambayo kulala njiani ni hatari. Fundi anayekisia anawaweka watu hao wote rehani. Wana haki ya kupata fundi aliyepima.