Makao Karibu na Bustani: Siku Sita Durban



Kila likizo inapokaribia, wasomaji wetu, hasa akina mama, hutuuliza kuhusu safari za familia: twende wapi, na tukifika tulale wapi. Swali la pili hudharauliwa. Hata sisi tulilidharau, na leo twaona yapasa tuwasimulie yaliyotupata.

Mama yetu mzazi amevuka miaka sabini, na macho yake yameanza kuingia kiza kwa maradhi ya presha ya macho. Tabibu alitueleza kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Iliyobaki ndiyo ya kuhifadhiwa. Mama, ambaye umri wake wote amepanda asumini na mrehani uani, hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, kabla sijafungiwa dirisha, nipelekeni nikaone maua."

Binti yetu anaishi na mumewe Durban, Afrika Kusini, katika nyumba ya chumba kimoja. Katika mji huo mna bustani ya mimea iliyoasisiwa mwaka 1849, kongwe kuliko zote zilizosalia barani Afrika. Tukanuia safari ya siku sita, mwezi wa Juni.

Malazi tuliyachagua kwa picha. Tulilipia hoteli ya ufukweni, kwa kuwa ilipendeza na ramani ilionyesha kuwa bustani ni kilomita chache tu. Tulipofika tukakuta chini pana baa, na mlango wa kupandia vyumbani unapita mbele yake. Ahali yetu na mabinti wakawa hawashuki ila kwa lazima. Kwenda bustanini kulitaka teksi, na kungojea teksi kulitaka subira. Tena tulisahau kwamba Juni huko ni kipupwe: jua hutua saa kumi na moja na dakika chache, ilhali kwetu Mombasa huchwa saa kumi na mbili na robo hivi. Mama alikaa bustanini nusu saa, magharibi ikabisha hodi, tukarudi. Siku ya pili alikuwa amechoka, hakutoka kabisa.

Usiku ule ahali yetu alituuliza kwa upole, "Bwana, bahari si tumeiacha kwetu? Huku tumeifuata ya nini?"

Hatukuwa na jibu. Kulipokucha tulihama, na fedha za usiku nne tulizokwisha kulipa hazikurejeshwa. Mkwe wetu alitutafutia vyumba kwa familia ya Kiislamu yenye asili ya Kihindi, upande wa Berea. Berea ni mgongo wa kilima, na bustani iko chini yake. Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa juu kileleni. Kwa ramani ilikuwa jirani kabisa, lakini mkwe wetu aliitembea njia kwa miguu, akarudi akihema, akasema, "Baba, ramani haina magoti." Tukachukua ya chini, iliyo ndogo zaidi.

Hapo ndipo safari ilipoanza. Kila asubuhi Mama alitembea taratibu mpaka langoni, ambako hakuna kiingilio. Alizunguka, akarudi kupumzika na kusali adhuhuri, kisha akaenda tena. Alitazama maua ya okidi katika nyumba yake maalumu, uso ukikaribia kugusa petali. Mna pia sehemu iliyopandwa kwa ajili ya wasioona, mimea ya kunusa na kupapasa. Pale aliketi muda mrefu kuliko kwingine, akisugua jani baina ya vidole, kama mtu anayejifunza kazi mpya.

Siku ya mwisho tulimpeleka penye mti mashuhuri wa bustani ile, wa jamii ya mitapo ya pwani yetu. Aina hiyo iligunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye na John Medley Wood, msimamizi wa bustani, nayo ikapewa jina lake. Ni dume, na hadi leo hajapatikana jike wake popote. Iliyoko kwingineko duniani ni machipukizi ya dume huyo huyo. Mama, mjane wa miaka mingi, alisikiliza akanyamaza. Kisha akasema, "Maskini, peke yake miaka yote hiyo. Na bado anamea."

Basi, enyi wazazi, kabla ya kulipa ulizeni. Jirani ni nani, na chini pana nini? Njia ni tambarare au ni mlima? Jiko lipo, ili familia ijipikie halali bila wasiwasi? Msikiti wa karibu una mahali pa wanawake? Si kila msikiti unapo. Na ujueni wakati: huko wengi ni Mahanafi, na alasiri yao huadhiniwa baadaye kuliko yetu sisi Mashafii. Aliyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, katika madhehebu yetu hapunguzi sala tangu anapofika, kwa hivyo makao yenye utulivu wa ibada si anasa. Mchagulieni makao aliye dhaifu kuliko wote katika msafara, wengine watatoshea.

Leo jicho la kushoto la Mama halioni tena. Akiketi uani jioni, huwasimulia wajukuu habari za okidi, rangi moja baada ya nyingine. Fedha ya hoteli hatuijutii. Mola hutoa nyingine. Tunazijutia siku mbili alizozipoteza akiwa ghorofani, akisikia bahari ambayo angeweza kuisikia kwao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu, na awarehemu waliotangulia. Amin.