Sufuri Tuliyoiandika Wenyewe

Ndugu walimu, katika masomo ya jioni ambayo chama chetu huyaendesha Buyenzi, mjini Bujumbura, alama za wanafunzi haziandikwi tena daftarini. Hutunzwa katika kanzidata. Kijana aliyetutengenezea alichagua PostgreSQL, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, ambayo haina ada ya leseni. Mwongozo wake wa asili ni wa Kiingereza, nao umepita kurasa 2,000. Karani wetu hasomi Kiingereza. Basi tukaombwa sisi, tunaojiita wenye lugha, tumfasirie kurasa chache anazozihitaji.

Kazi ilitufurahisha. Tulipofika penye neno NULL hatukusita hata kidogo: tuliandika "sufuri", tukasonga mbele.

Mwisho wa muhula akaja mama mmoja, ameshika karatasi ya matokeo ya binti yake. Sarufi 68, insha 72, ufahamu 64, mazungumzo 76, fasihi 0, wastani 56. Anayepungukiwa na 60 hupoteza msamaha wa karo, na binti huyo alikwisha andikwa miongoni mwa waliopoteza.

"Siku ya fasihi mwanangu alikuwa hospitalini kwa malaria," mama akasema. "Mtihani hajaufanya, mwalimu. Hiyo sufuri kaipata wapi?"

Aliipata kwetu. Karani alisoma ukurasa wetu, akaona kwamba kuacha wazi na kuandika sufuri ni mamoja, akaandika 0. Kumbe NULL si sufuri. Ni ishara ya kwamba thamani haipo au haijulikani, na kanzidata inapotafuta wastani huiruka. Nafasi ile ingeachwa wazi, 280 ingegawanywa kwa 4, na binti angepata 70. Sufuri haikurukwa, kwani nayo ni alama iliyopatikana kama ilivyo 68. Tena, ukiiuliza kanzidata kama NULL ni sawa na NULL, haijibu ndiyo wala siyo. Vitu viwili usivyovijua huwezi kuapa kwamba vyalingana. Ndiyo sababu liko swali lake maalumu, IS NULL.

Twakiri kwamba asili ya neno ilitughuri. Sufuri yatokana na Kiarabu, na huko maana yake ya kale ni utupu. Lakini debe tupu ni debe tulilokwisha kulichungulia ndani. NULL ni debe ambalo kifuniko chake hakijaguswa.

Dawa ilikuwamo katika maneno ya yule mama. Alisema "hajaufanya". Tofauti ya -ja- na -ku- twaiandika ubaoni kila mwaka, na siku tuliyoihitaji hatukuikumbuka! Tukaufuta ukurasa wote, tukauandika upya kwa mfano wa alama zile tano, bila jina la binti: aliyefanya na hakupata kitu, andika 0, ambaye hajafanya, acha wazi. Karani akausoma mbele yetu, nasi tumenyamaza. Alikwama mara tatu, na mara zote tatu tulibadili sentensi. Msamaha wa karo ukarudishwa.

Baadaye tuliurudia mwongozo wa asili. Mnatahadharishwa humo kwamba jumla ya safu zisizokuwapo huwa NULL, wala si sufuri kama msomaji angetazamia. Aliyeiandika tahadhari hiyo alikwisha kumwona msomaji akikosea kabla hajakosea. Sisi tuliiruka katika tafsiri, tukidhani ni maneno ya ziada.

Limebaki moja. Tunaye mwanafunzi bubu, aliyesamehewa mtihani wa mazungumzo. "Mwalimu," kijana wa kanzidata akatuuliza, "na huyu asiyetakiwa kufanya, tuandike hajafanya?" Neno hilo laahidi kwamba atafanya. Mahali hapo katika ukurasa wetu pana mstari wa penseli, nasi tutalileta shauri hilo katika mkutano ujao wa chama.