Upepo wa Wisconsin, Maji ya Yaeda

Mwindaji wa Wisconsin akiamka alfajiri ya Novemba, swali lake la kwanza ni upepo unatoka wapi. Bunduki imeshasafishwa, leseni iko mfukoni, koti la rangi kali linalotakiwa na sheria limetundikwa mlangoni. Yote hayo ni kazi bure kama upepo utapeleka harufu yake kule kulungu wanakotokea. Kulungu wa huku, yule mwenye mkia mweupe, hashtushwi na koti la rangi ya chungwa kwa sababu macho yake hayaioni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi. Pua ndiyo inayomwokoa. Akinasa harufu ya mtu hukoroma kwa nguvu, husimamisha mkia ule mweupe na kutoweka, na wenzake wote wameshajua.

Nimekulia Karatu, Tanzania, sasa naishi Madison, Wisconsin, Marekani, na wenzangu wa kazini ndio walionipeleka msituni. Msimu wa bunduki hapa ni siku 9, na huanza Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani ya Marekani. Wengi huwinda kwa kukaa. Hupanda kwenye jukwaa dogo lililofungwa mtini, hujifunga mikanda ya usalama, kisha husubiri kwenye baridi. Ndiyo maana mtu mmoja huwa na majukwaa mawili matatu, kila moja na upepo wake. Ukivuma kutoka kaskazini-magharibi anakaa hili, ukigeuka kutoka kusini analihama, hata kama jana aliona nyayo nyingi pale chini.

Vijana hutazama simu. Wazee niliokaa nao huchukua nyuzi laini za mbegu za mmea wa porini, wakaziachia hewani na kuzifuata kwa macho. Nyuzi hizo huonyesha kitu ambacho simu haina. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda kilimani. Jioni ardhi ikipoa, hewa ile hushuka bondeni kimyakimya. Kwa hiyo asubuhi ni heri kukaa juu ya njia ya kulungu, na jioni chini yake. Programu ya simu hukupa upepo wa wilaya nzima. Hewa ya korongo lako utaijua kwa kukaa humo miaka. Na upepo mbaya kuliko wote, nimeambiwa na wengi na nimeuona, si ule mkali bali ule hafifu usio na mwelekeo, unaozungukazunguka na kusambaza harufu kila upande.

Mambo mengine ya hali ya hewa yana ubishi. Wawindaji wengi husema siku ya upepo mkali kulungu hujificha tu. Watafiti wa Pennsylvania waliowavisha kulungu kola za GPS wamekuta kwamba upepo hauwazuii kutembea mchana kama inavyodhaniwa. Msimu wa kupandana nao huongozwa na kufupika kwa mchana, wala haungoji baridi. Ila siku ya joto, kulungu aliyekwisha kuota manyoya mazito ya kipupwe hupunguza mizunguko ya mchana, na aliyepata nyama hana budi kuchuna na kupoza haraka. Kukiwa na baridi, nyama hutundikwa bandani siku kadhaa bila wasiwasi.

Kwetu, kati ya Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, anga husomwa kwa kuanzia kwingine. Wahadzabe, wawindaji wa huko, huanza na maji. Mwishoni mwa kiangazi, madimbwi yakibaki machache, wanyama hawana pa kunywa pengine, na mwindaji hujenga maficho madogo karibu na maji akasubiri usiku na upinde wake. Upepo huamua tu maficho yakae upande gani. Mvua zikinyesha, maji yanakuwa kila mahali, wanyama wanatawanyika, na kusubiri namna hiyo hakuna faida tena. Inabaki kutembea, kusoma nyayo na kunyemelea kwa kuelekea upepo. Wisconsin ina maziwa na vijito kila kona, hivyo hakuna mwindaji niliyemsikia akitaja kiu ya kulungu.

Katika vitalu vya uwindaji wa kitalii Tanzania, wasoma nyayo hubeba kimfuko cha majivu, wanakitikisa na kutazama yanakoelekea. Kazi ni ile ile ya nyuzi za wazee wa Wisconsin.

Kinachonisumbua ni kwamba mwenyeji wangu wa Wisconsin ana hakika msitu wake utakuwepo Novemba ijayo. Mhadzabe hana hakika hiyo juu ya dimbwi lake. Mashamba na mifugo vimesogea hadi kwenye maji yale, na mnyama hashuki kunywa penye mbwa na moshi, upepo uwe upande wowote. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati za pamoja za kumiliki ardhi kimila kwa zaidi ya hekta 20,000. Hiyo ilikuwa hatua ya haki. Naomba viongozi wa vijiji na halmashauri zinazopakana na eneo lile waisimamie mipaka hiyo hasa wakati wa kiangazi, ambapo dimbwi moja hugombewa na wengi. Nanyi ndugu mnaokwenda Eyasi kutalii, mkipelekwa kuwaona Wahadzabe wakilenga shabaha, waulizeni pia kuhusu maji yao, na mkirudi mjini msinyamaze.