Fimbo Namba 7 ya Mzee



Wapendwa, juma hili tunawaomba radhi kwa kuwaandikia juu ya gofu. Wako watakaouliza padre ana shughuli gani na mchezo wa matajiri, na swali hilo ni la haki. Jibu letu ni fupi: gofu haikuingia nyumbani kwetu kwa mlango wa matajiri. Baba yetu (tunamsema mzee aliyetuzaa, si Yule tumwombaye kila siku) alikuwa kedi mjini Nairobi kwa zaidi ya miaka 30. Alibeba mifuko ya watu wengine, alisubiri zamu yake chini ya mti pamoja na wenzake, na karo yetu ya shule ilitoka begani mwake. Mwaka 1978, Seve Ballesteros wa Hispania aliposhinda mashindano ya Kenya Open, mzee alikuwa miongoni mwa waliomtazama akipiga. Hadi leo hawezi kuisimulia habari hiyo akiwa ameketi.

Krismasi ya mwaka juzi, magoti yakiwa yamekwisha kumkatalia, alitukabidhi fimbo zake. Zilikuwa 11, wala hazikuwa za seti moja. Alizikusanya moja moja, nyingine alipewa, nyingine alizinunua kwa wachezaji waliokuwa wakibadilisha zao. Lakini zote zilikuwa na alama za mkono wake. Mzee ni mfupi, hivyo kila fimbo ilikuwa imekatwa inchi moja hivi upande wa kishikio. Kwa kuwa fimbo iliyokatwa huhisiwa nyepesi kichwani, alikuwa amebandika kipande chembamba cha risasi nyuma ya kila kichwa ili kurudisha uzito. Namba 7 ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Kishikio chake kilikuwa kimelika mahali pa kidole gumba hata pakawa na kishimo, na tulipoishika mara ya kwanza kidole chetu hakikuingia humo.

Sisi tunamzidi mzee kwa kichwa kizima. Tulianza kucheza siku za Jumatatu, ambayo ndiyo siku yetu ya mapumziko, na ambayo katika viwanja vingi ndiyo siku makedi wanayoruhusiwa kucheza wenyewe. Mpira ulikwenda kulia. Tulipiga kwa nguvu, ukaenda kulia. Tulipiga polepole, ukaenda kulia. Baada ya miezi kadhaa tukawa na hakika kwamba kosa ni la fimbo.

Hapa inafaa tueleze jambo moja kwa wasiocheza. Kichwa cha fimbo huungana na mpini kwa pembe fulani. Kwa fimbo namba 7 ni kama nyuzi 62. Pembe hiyo tuiite mlalo. Mlalo ukimfaa mchezaji, wayo wa fimbo hugusa nyasi ukiwa sawasawa. Mtu mrefu akipiga kwa fimbo fupi, mikono yake huwa juu mno, kisigino cha fimbo huinuka, kidole chake huchimba ardhi, na uso wa fimbo huelekea kulia. Hayo yote tuliyasoma katika intaneti, na yote ni kweli. Tulisoma pia kwamba mafundi hukunja shingo ya fimbo kwa nyuzi mbili au tatu ili kusahihisha mlalo, tena kwamba kazi hiyo huchukua dakika chache. Tulijiuliza kwa nini tumlipe mtu wa Nairobi kwa kazi ya dakika chache, hali mzee wetu alijipimia zake mwenyewe kwa msumeno na kipande cha risasi.

Basi tulikwenda kwa fundi wa vyuma anayetutengenezea mageti ya parokia. Mwenyewe hakuwapo, nasi tuliona ni heri hivyo. Tuliibana namba 7 katika jiliwa, tukavisha bomba juu ya mpini, tukaanza kuvuta. Haikukunjika. Tulivuta tena kwa uzito wetu wote, ambao si haba. Kichwa kilikatika shingoni kwa mlio mmoja mkavu, kikaanguka sakafuni, na kile kipande cha risasi kikiwa bado kimebandikwa nyuma yake.

Tulichokuwa hatujakisoma ni hiki: kuna vichwa vya chuma laini vilivyofuliwa, ambavyo hukunjika kwa utii, na kuna vile vilivyomiminwa katika kalibu kwa chuma kigumu kisichoshika kutu, ambavyo vingi vyao havikubali kukunjwa ila kidogo sana, kwa mashine yake na kwa mkono unaojua mahali pa kuishia. Ya mzee ilikuwa ya namna hii ya pili. Kwa macho hatukuweza kuitofautisha na nyingine.

Kichwa tulikifunga katika gazeti, tukakiweka kabatini nyuma ya vitabu. Kilikaa humo majuma matatu. Mzee alipopiga simu kuuliza fimbo zinaendeleaje, tulimjibu kwamba zinaendelea vizuri. Tunaliandika hili kwa aibu, maana mara mbili katika majuma hayo tulihubiri juu ya unyofu.

Hatimaye tulikwenda kwa mpimaji, kwa fedha zetu wenyewe (tunalitaja kwa ajili ya wajumbe wa kamati ya fedha wanaosoma ukurasa huu). Alikuwa kijana mpole. Hakuanza na fimbo hata kidogo. Alitwambia, "Padre, piga mipira 20 kwanza, mimi nipo tu." Alitueleza baadaye kwamba mtu akijua anapimwa hupiga vizuri kuliko desturi yake, kwa hiyo yeye humsubiri achoke kujionyesha. Ndipo akapima urefu kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Njia hiyo ya kulinganisha kimo na kifundo ilienezwa sana miaka ya 1970 na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kampuni ya Ping huko Marekani mwaka 1959, akatia rangi tofauti kwa kila mlalo. Kisha alibandika utepe chini ya wayo, akatuambia tupige juu ya ubao mgumu wa plastiki. Alama ilibaki upande wa kidole, kama tulivyotarajia, nasi tukafurahi kwamba hatukuwa wajinga kabisa.

Furaha hiyo haikudumu. Alisimama nyuma yetu, akalaza fimbo mbili chini, moja ikifuata mstari wa miguu yetu na nyingine ikielekea shabaha. Miguu yetu ilielekea kulia kwa kiasi ambacho hata mtoto angekiona. Nusu ya kosa ilikuwa hapo. Miezi yote ile tulikuwa tumesimama vibaya huku tukiishitaki fimbo. Na hakuna namna ambayo tungeligundua peke yetu, kwa sababu mtu anayejipima hutumia macho yale yale yaliyokosea. Sisi mapadre tungepaswa kulijua hilo kabla ya wengine, maana hata Baba Mtakatifu hajiungamishi mwenyewe.

Ile nusu nyingine, alisema, ilitoka kwenye urefu. Lakini haikuhitaji kukunjwa. Fimbo ikirefushwa nusu inchi, kwa mchezaji ni kana kwamba mlalo umesimama kwa karibu uzi mmoja. Inchi moja ingetupatia nyuzi mbili, zile zile tulizozitafuta kwa bomba na jiliwa. Kulikuwa na kijiti cha kuchomeka na kugundisha ndani ya tundu la mpini, ukavisha kishikio kipya juu yake, basi. Kile ambacho mzee alikikata ndicho tulichopaswa kukirudisha. Na kwa kuwa urefu huongeza uzito unaohisiwa kichwani, vile vipande vya risasi navyo havikuwa na kazi tena.

Hatusemi kwamba kila kitu kipelekwe kwa mpimaji. Vishikio, kwa mfano, tunavibadilisha wenyewe: unakata cha zamani kwa kisu, unazungushia mpini utepe wa gundi pande mbili, unamimina petroli kidogo kulainisha, unasukuma kipya kabla haijakauka. Ukikosea, umepoteza kishikio kimoja. Ballesteros mwenyewe alijifunza utotoni kwa fimbo moja kuukuu, namba 3, akipiga mawe na mipira ufukweni Pedreña, wala hakuna aliyempima kifundo. Ila tunadhani mtoto wa namna ile huulea mwili wake juu ya fimbo, na mtu wa miaka arobaini na kitu, anayecheza Jumatatu tu, hana tena mwili wa kulea hivyo.

Tulimruhusu kijana azirefushe zile kumi zilizobaki. Vipande vya risasi tulivitia katika bahasha.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nyumbani. Tuliweka mezani bahasha, na kando yake kichwa cha namba 7 kikiwa katika gazeti lake, tukamweleza mzee yote, pamoja na ule uongo wa simu. Alikifungua, akapitisha kidole mahali palipokatika. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba mama alitoka jikoni kuona kuna nini.

"Uliivuta peke yako?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba. Nilitaka kujipimia mwenyewe, kama ulivyofanya wewe."

Alituangalia kwa mshangao. "Nani alikuambia nilijipima mwenyewe, Padre?" Tangu tupewe daraja takatifu hajatuita kwa jina. "Mwenzangu mmoja, kedi, marehemu sasa, alilala kifudifudi kwenye nyasi Jumatatu tatu mfululizo akitazama wayo wa fimbo yangu. Nami nikamlalia zake. Msumeno ulikuja mwisho."

Kichwa kile alikitia katika mfuko wa koti, hatujakiona tena. Bahasha aliturudishia.

Sheria za gofu zinakataza kubeba fimbo zaidi ya 14, lakini hazidai idadi ya chini, kwa hiyo tunacheza na kumi. Kati ya namba 6 na namba 8 kuna pengo ambalo hatuna haraka ya kuliziba. Jumatatu iliyopita mzee alikubali kuja. Tulimwekea kigoda chini ya mti, nyuma kidogo ya mahali pa kuanzia, naye akaegemeza mikono juu ya mkongojo. Tulipokwisha kusimama na kuulenga mpira tulimsikia akikohoa.

"Padre," alisema, "mguu wa kushoto."