Kakati za Marehemu



Leo tunaandika wawili, wifi na wifi, kwa hivyo mkiona "sisi" mjue ni sisi kweli, hatujikuzi. Mmoja wetu alikuwa bi harusi wa miezi mitatu, ametoka Unguja Februari 2024 kumfuata mume Dodoma. Mwengine ni dada wa huyo mume, yuko Dodoma tangu 2019, mumewe alipohamishwa na ofisi yake baada ya Serikali kuhamia huko. Mwezi wa tano 2024 mume huyo alifariki ghafla, akazikwa siku hiyohiyo, na mkewe akaingia eda. Ndipo maharusi walipofunga vyombo vyao katika chumba cha kupanga Nkuhungu, wakaja Ipagala kukaa naye asibaki peke yake na kuta.

Marehemu, Allah amrehemu, hakuacha deni. Aliacha kakati 19.

Zilikuwa uani, juu ya mbao na matofali, kwenye makopo ya rangi na ya maziwa ya unga, moja ndani ya buli lililovunjika mdomo. Alizikusanya miaka mitano, mojamoja, kwa wauza miche wa barabarani na kwa wenzake kazini. Akirudi jioni huzungukia makopo kwanza, ndipo aingie ndani kusalimia. Mkewe alikuwa akimwambia, "Wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga miba." Hakuwahi kuzigusa.

Kwa wasiozijua, tueleze kidogo. Kwetu visiwani wengi tunaijua dungusi tu, ile yenye mikono bapa. Dodoma ukitoka nje ya mji utaona vilimani mti mrefu, matawi yake yamesimama kama kinara cha mishumaa, ukadhani ni kakati. Siyo. Ule ni ndugu wa mnyaa, ukiukata hutoa maziwa makali, na yakiingia jichoni ni balaa. Kakati ya kweli miba yake hutoka kwenye kidoa kidogo chenye manyoya kama pamba, na asili yake ni bara la Amerika, isipokuwa aina moja tu inayoota yenyewe na huku Afrika. Haya yote marehemu alikuwa akimweleza kila mgeni, apende asipende.

Sasa tuje kwenye kosa.

Bi harusi wetu amekulia Unguja, ambako kuna masika na kuna vuli, na maua ya nyumbani humwagiliwa asubuhi na jioni. Nyumba ilijaa watu wa pole, kupika na kuosha vyombo hakuishi, na yeye alitaka jambo moja la kumpoza wifi yake. Kila baada ya sala ya alfajiri alichukua kata akazimwagilia kakati zote 19, mpaka maji yakasimama juu. Makopo mengine hayakuwa hata na tundu chini.

Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima haifiki nusu ya ile ya Unguja. Kuanzia Mei ni ukavu na upepo wa vumbi. Juni na Julai usiku ni baridi ya kutafuta blanketi la pili. Wakati huo kakati hulala. Haikui wala hainywi. Maji unayotia yanakaa tu kwenye udongo wa baridi, na mizizi inaoza kimyakimya huku juu bado kijani.

Wiki ya tano moja ililala ubavu. Alipoigusa kidole kikazama. Akazipapasa nyingine: saba zilikuwa hivyohivyo, laini kama papai lililoiva mno.

Alificha siku mbili. Ya tatu akaenda kukaa mkekani kwa wifi yake, akasema yote. Mwenye eda hakujibu. Alitoka uani, akaziangalia moja baada ya moja, akarudi ndani akafunga mlango. Usiku ule kila mmoja wetu alimsikia mwenzake analia kupitia ukuta, na hatukuambiana mpaka tulipokaa kuandika haya.

Asubuhi mlango ulifunguliwa. "Wifi, lete kisu kikali na ile spiriti ya kusafishia vidonda."

Kumbe miaka mitano yote alikuwa akisikiliza. Akakata ya kwanza juu ya sehemu iliyooza, akafuta kisu, akakata tena juu zaidi, kipande kwa kipande, mpaka nyama ya ndani ikawa safi bila doa la kahawia. Kama doa limebaki, hata dogo kama punje ya mtama, uozo unaendelea kupanda. Vichwa vilivyopona tukavilaza kivulini juu ya gazeti wiki mbili, mpaka kidonda kikakauka na kufanya ngozi. Kisha tukavisimamisha juu ya mchanga wa korongo uliochanganywa na kokoto ndogo, kwenye makopo tuliyoyatoboa kwa msumari. Bila tone la maji mpaka mizizi itoke. Idi ya kuchinja ilitukuta tukiwa na magazeti hayo sebuleni. Mwenye eda hakuvaa nguo mpya, na sote tukabaki na zetu za kila siku.

Katika zile saba, nne zilipona.

Kuna jambo jengine ambalo hatukulisema wakati ule. Kakati nyingi huzaa kwa ubavuni: kitufe kidogo hujitokeza, kinavimba, kinaota miba yake, na baadaye unaweza kukibandua ukakipanda. Watu wote huviita watoto. Marehemu na mkewe hawakujaaliwa mtoto, na mama mmoja aliyekuja kutoa pole alisema mbele yetu, "Afadhali hukuachiwa mayatima." (Mashoga, ukienda kwenye msiba na huna la kusema, kunywa maji.) Bi harusi naye kila simu kutoka Unguja ilikuwa "vipi, bado?" Kwa hiyo uani neno watoto hatukulitamka. Tulisema "vile vya pembeni". Wiki nyingi tulisema hivyo, kama watu wanaokwepa ngazi bovu.

Agosti, jua lilipoanza kurudi na sisi tukaanza kutia maji kidogo kila udongo ukishakauka kabisa, mwenye eda aliita kutoka uani: "Wifi, njoo umuone huyu wa kwenye buli. Ana watoto wanne!" Akasema hivyohivyo. Hakuna aliyegeuza uso.

Huyo wa kwenye buli jina lake la kitaalamu ni Echinopsis, wa Amerika Kusini, mviringo kama boga dogo lenye mistari. Septemba alitoa kitu cha manyoya ubavuni, tukadhani mtoto wa tano. Lakini kilirefuka, kila siku kimezidi, mpaka kikawa kama shingo ya bata. Lile baridi kavu la Julai tulililolaani ndilo linaloamsha maua yake.

Lilifunguka usiku, eda ikiwa imebaki siku 11. Mmoja wetu aliamka kwa tahajudi akasikia harufu dirishani, akamgongea mwenzake. Tukatoka na tochi ya simu. Jeupe, pana kuliko kiganja, na linanukia tamu, si kama asumini ila hukumbusha asumini.

"Wifi," akanong'ona mwenye eda, "mimi si nimekatazwa manukato?"

"Hujajipaka wewe. Limejileta."

Tukacheka mpaka mwenye nyumba ya pili akawasha taa. Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa mpaka alfajiri, na hapo ndipo mwenye eda alipoanza kumsema mumewe, mambo madogo, jinsi alivyokuwa akikoroma, jinsi alivyopika wali ukaungua siku ya kwanza walipohamia Dodoma. Kufika adhuhuri ua lilikuwa limesinyaa kama kitambaa kilichokamuliwa. Ni la usiku mmoja tu.

Mwaka uliofuata maharusi walirudi Unguja. Watoto watatu wa buli walisafiri kwa treni ya SGR mpaka Dar, kisha kwa boti, wamefungwa kwenye gazeti ndani ya boksi la viatu. Sasa wako chini ya upenu, masika yasiwafikie. Wananenepa lakini hawajatoa ua. Unguja hakuna baridi ya kuwalaza.

Dodoma kakati zimefika 31. Juzi usiku ilikuja picha ya shingo mbili mpya za bata, na chini yake ujumbe: "Wifi, za huko usizimwagilie."